Foleni kwa Foleni: Tathmini ya Takwimu za Draiva ya virtio_net

Malalamiko yaliyonifikisha kwenye takwimu hizi yalikuwa ya ajabu kidogo, kwa sababu hayakuwa ya watu wote. Kila siku ilipokaribia saa kumi na moja jioni, mfanyakazi mmoja alisema mfumo umekwama, ilhali jirani yake wa meza ya pili, anayetumia seva ileile na programu ileile, hakuwa na habari yoyote. Nilifungua ip -s link, amri ya Linux ya takwimu za mtandao, kama nilivyozoea kwa miaka mingi, nikaona jumla ya pakiti (vipande vya data) zilizoingia na zilizotoka, hakuna makosa, hakuna zilizotupwa, na mtandao haujatumika hata kwa nusu ya uwezo wake. Jumla ya namna hiyo ni sawa na kuhesabu abiria wote wa kituo cha mabasi bila kutazama kwamba dirisha moja la tiketi lina msururu unaofika barabarani, na kwenye madirisha mengine saba makarani wanapiga miayo.

Seva yenyewe ni mashine pepe ya vichakataji 8, inayoendesha Debian 12 yenye kerneli (kiini cha mfumo) 6.1, juu ya mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayoibeba, wa KVM na QEMU (programu za kuendesha mashine pepe) anayetumia vhost-net, njia ya kerneli ya mwenyeji ya kupitisha pakiti. Kadi yake ya mtandao si kifaa cha kushikika bali ni virtio, makubaliano kati ya mgeni, yaani mashine pepe yenyewe, na mwenyeji, yaliyoanzishwa na Rusty Russell na kuingia kwenye Linux katika toleo la 2.6.24, mwezi Januari 2008. Hapo mwanzo kadi hiyo ilikuwa na foleni moja ya kupokea na moja ya kutuma. Uwezo wa kuwa na jozi nyingi za foleni ulikuja na toleo la 3.8 mwaka 2013, ili kila kichakataji kiweze kuhudumia foleni yake bila kumngoja mwenzake. Kinachotathminiwa hapa ni vihesabio ambavyo draiva ya virtio_net, programu inayoiendesha kadi hiyo, huvitunza kwa kila foleni peke yake, na ambavyo msimamizi huvisoma kwa amri ya ethtool -S ikifuatwa na jina la kiunganishi.

Kabla ya kusoma chochote inafaa kuandika ethtool -l, ambayo huonyesha jozi ngapi zinaruhusiwa na ngapi zinatumika. Nimekutana na mashine pepe zenye vichakataji vingi zilizotengenezwa na mwenyeji kwa jozi moja tu, na hapo takwimu za kila foleni hazina la kusema zaidi ya jumla. Yangu ilikuwa na jozi 8. Orodha iliyotoka ilikuwa ndefu lakini yenye mpangilio: rx_queue_0_packets, rx_queue_0_bytes, rx_queue_0_drops, kisha safu za XDP (programu ndogo zinazochuja pakiti ndani ya kerneli), kisha kicks, na hivyohivyo hadi foleni ya 7, halafu upande wa tx nao ukafuata. Nilichukua picha mbili za orodha hiyo zikiwa zimepishana kwa sekunde kumi, nikatoa ya kwanza kwenye ya pili. Foleni ya 5 ya kupokea ilikuwa imebeba karibu mzigo wote, na nyingine zilikuwa zikidondokewa na pakiti chache chache.

Sababu ilionekana mara moja. Kazi ya kunakili akiba ya data, ambayo zamani ilifanyika usiku wa manane, ilikuwa imesogezwa hadi jioni, nayo hupita kwenye muunganisho mmoja tu wa TCP. Muunganisho mmoja haugawanywi kwenye foleni mbili, kwa kuwa pakiti zake zingefika bila mpangilio. Kwa hiyo ulijaza foleni ya 5, ukakichosha kichakataji kimoja, na kila mfanyakazi ambaye muunganisho wake ulikuwa umepangiwa foleni hiyohiyo akaumia pamoja nao. Waliopangiwa foleni nyingine waliendelea na kazi zao kwa amani. Hakuna kipimo kingine nilichokuwa nacho ndani ya mgeni ambacho kingelieleza jambo hilo kwa uwazi huo, na kwa kosa la aina hii pekee draiva hii inastahili sifa kubwa.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipuuza ni kwamba uchaguzi wa foleni ya kupokea, katika mpangilio wa kawaida wa tap (kiunganishi pepe cha mgeni kilicho upande wa mwenyeji) na vhost-net, haufanywi na mgeni. Mwenyeji huangalia mgeni alitumia foleni gani kutuma pakiti za muunganisho fulani, akakumbuka, na majibu ya muunganisho huo akayarudisha kwenye foleni yenye namba ileile. Kwa hiyo anayeona msongamano kwenye foleni ya 5 ya kupokea asianze kuhangaika na mipangilio ya mapokezi, bali atazame kwanza ni kichakataji gani kinatuma.

Uhesabuji wenyewe umefanywa kwa uangalifu. Vihesabio ni vya biti 64, na hilo si anasa: kihesabio cha baiti chenye biti 32 kwenye mtandao wa gigabiti 10 kwa sekunde hujaa na kuanza upya kila baada ya sekunde 3.4 hivi, kwa hiyo anayekisoma kila baada ya sekunde kumi hupata namba isiyo na maana. Kila foleni ina vihesabio vyake, hivyo vichakataji viwili havigombei sehemu moja ya kumbukumbu kila pakiti inapopita. Aidha, upande wa kupokea draiva hujumlisha pembeni kila kilichopokelewa katika zamu moja, kisha huandika mara moja mwisho wa zamu. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba sijawahi kuiona kwenye vipimo vyangu. Upande wa kutuma kuna tabia moja ya kujua: katika kerneli hii pakiti huhesabiwa pale mwenyeji anapoirudisha bafa yake (nafasi ya kumbukumbu iliyoibeba), wala si pale inapokabidhiwa kwake, kwa hiyo kihesabio cha kutuma huchelewa kidogo nyuma ya hali halisi.

Safu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kicks, iliyoongezwa katika toleo la 4.19 mwaka 2018, na ambayo mimi huiita hodi. Mgeni akishaweka pakiti kwenye pete ya pamoja, yaani orodha ya bafa anayoshirikiana na mwenyeji, huenda akalazimika kumbishia mwenyeji hodi ili ajue kuna kazi mpya. Hodi hiyo si bure, maana humtoa mgeni kwenye kichakataji kwa muda mfupi ili mwenyeji aishughulikie, na ikirudiwa mara nyingi kwa sekunde hula muda ambao ungefanya kazi ya maana. Mwenyeji aliyekwisha amka na anaendelea kuchota pakiti huweza kusema asibishiwe, na draiva huhesabu hodi zilizopigwa kweli tu, si zile zilizokusudiwa. Kwa hiyo kugawanya idadi ya pakiti kwa idadi ya hodi katika foleni moja kunampa msimamizi kipimo cha jinsi kazi inavyokwenda kwa mafungu: nikinakili faili kubwa, hodi moja hubeba pakiti nyingi, nikiendesha huduma ya maswali mafupi, kama ya DNS, hodi huikaribia idadi ya pakiti zenyewe, na hapo ndipo mtu hugundua kwa nini mashine inayotuma data kidogo inachoka kuliko ile inayotuma data nyingi. Nimewahi kutumia siku nzima nikirekebisha programu ambayo tatizo lake lilikuwa kutuma vipande vidogo kimoja kimoja, na uwiano huo ungeniambia kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai.

Sasa nije kwenye lawama, na lawama kubwa ni safu ya drops. Jina lake linamfanya msomaji aamini kwamba ikiwa sifuri hakuna pakiti iliyopotea. Si kweli. Kihesabio hiki huhesabu pakiti ambazo draiva yenyewe ilizishika ikazitupa, kwa mfano kwa sababu ya urefu usiofaa, kukosa kumbukumbu, au uamuzi wa programu ya XDP. Pakiti iliyofika kwa mwenyeji ikakuta pete ya mgeni haina bafa tupu haimfikii mgeni kamwe, kwa hiyo mgeni hawezi kuihesabu. Mwenyeji huiweka kwenye foleni ya kiunganishi cha tap, foleni hiyo ikijaa huitupa, na upotevu huo huandikwa upande wa tap tena kwenye safu ya kutuma, kwa kuwa kinachoingia kwa mgeni ndicho kinachotoka kwa tap. Niliijaribu hali hii kwa makusudi kwenye mashine yangu ya majaribio, nikamrushia mgeni pakiti ndogo za UDP kwa wingi kuliko alivyoweza kuzimudu: ndani ya mgeni drops zilibaki sifuri kwenye foleni zote, na kwa mwenyeji namba ilikuwa ikipanda mbele ya macho yangu. Pete ya kupokelea ya QEMU ina nafasi 256 kwa chaguo-msingi na inaweza kupandishwa hadi 1024, hatua ambayo husaidia pale mafuriko yanapokuwa ya muda mfupi, lakini huwezi kujua kwamba unaihitaji kwa kusoma takwimu za mgeni peke yake.

Hapa draiva ya vmxnet3, inayotumika kwenye mashine pepe za VMware, inaishinda virtio_net, kwa sababu orodha yake ina safu ya pkts rx OOB kwa kila foleni, yaani pakiti zilizokosa bafa. Kwa upande mwingine vmxnet3 hurudia majina yaleyale kwa kila foleni, na mwandishi wa skripti hulazimika kukumbuka yuko chini ya namba ipi, jambo ambalo virtio_net imeliepuka kwa kuweka namba ya foleni ndani ya jina. Draiva ya ENA ya Amazon nayo ina majina yake, queue_0_rx_cnt na ndugu zake, pamoja na vihesabio vizuri vinavyoonyesha mteja alipovuka kiwango alichopangiwa. Anayesimamia mashine za aina tatu anaandika skripti tatu.

Lawama ya pili ni maana ya neno pakiti. Mgeni akituma data nyingi za TCP, kerneli humkabidhi mwenyeji bonge moja linaloweza kufikia kilobaiti 64 hivi, na virtio_net hulihesabu bonge hilo kuwa pakiti moja, ingawa litakapofika kwenye waya litakatwa vipande vya baiti 1,500. Ukigawanya baiti kwa pakiti ukapata makumi ya maelfu, usishtuke wala usiandike ripoti ya hitilafu. Lakini pia usilinganishe namba hiyo na ya swichi.

Ya tatu ni ndogo ila ilinipotezea saa mbili. Nilipunguza jozi kutoka 8 hadi 4 kwa ethtool -L, kisha nikajumlisha vihesabio vya foleni ili kuhakiki skripti yangu, na jumla haikulingana na ile ya ip -s link. Katika kerneli 6.1, ethtool huonyesha foleni zinazotumika wakati huo tu, ilhali jumla ya kiunganishi hujumuisha foleni zote zilizowahi kuwepo, pamoja na historia ya zile nne zilizolazwa. Hesabu zote mbili ni sahihi. Kilichokosekana ni maelezo.

Wenye kerneli mpya wana nafuu. Toleo la 6.9 la mwaka 2024 lilileta njia ya pamoja ya kuuliza takwimu za foleni kupitia netlink (njia ya programu kuzungumza na kerneli), yenye majina yaleyale kwa draiva zote zinazoiunga mkono, na toleo la 6.10 likaiingiza virtio_net humo, pamoja na uwezo wa kumwomba mwenyeji takwimu zake mwenyewe iwapo kifaa chake kinazitoa. Hilo la mwisho ndilo hasa lingeziba pengo la drops nililolieleza, lakini linategemea mwenyeji akubali kulitoa, na mteja wa kukodi hana sauti hapo. Kwa Debian 12 ilivyo, ethtool -S ndiyo iliyopo.

Nimeiweka kwenye skripti inayosoma kila baada ya sekunde kumi na kuchora foleni 8 kwenye mchoro mmoja, pamoja na uwiano wa pakiti kwa hodi, na kazi ya kunakili akiba imerudi usiku wa manane. Kwa upande wa tap niliwaandikia wanaonikodisha seva nikiomba hesabu ya pakiti zilizotupwa kwenye kiunganishi changu. Walikubali, nao hunitumia kila Jumatatu, ikiwa picha ya skrini.