Dawa ya DPF ya kumimina kwenye tenki: inasaidia gari lipi?

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hiki kichupa nilichoshika ni dawa ya DPF, yaani filta ya masizi ya gari la dizeli; dawa yenyewe ni ile ya kumimina kwenye tenki la dizeli. Wenye Mazda CX-5 za dizeli mmeniuliza sana, maana taa ikiwaka kwenye dashibodi fundi anakwambia ama ununue dawa ama aikate filta.

DPF inakaa kwenye njia ya moshi, inanasa masizi. Yakijaa, injini inaongeza dizeli ili joto la filta lipande hadi kama nyuzi 600, masizi yaungue. Dawa zenye chuma au seriamu, ambayo nayo ni aina ya metali, zinayafanya yaungue kwenye nyuzi 450 hivi. Hilo siyo porojo la muuza duka. Peugeot 607 ya mwaka 2000 ilitoka kiwandani na filta hii pamoja na tenki dogo la dawa ya seriamu, gari likijichanganyia lenyewe.

Sasa gari lako la Mbagala–Posta, foleni asubuhi, foleni jioni, halifiki hata hizo 450. Utamimina dawa halafu utasema umeuziwa maji. Ukishaiweka, toka nalo. Shika barabara ya Chalinze, gia ya chini kidogo injini izunguke, dakika 20 bila kuzima. Ukiwa na mazoea ya kuzima katikati ya zoezi, ile dizeli ya ziada inateremkia kwenye oili.

Sogeza kamera hapa. Kijiti cha oili cha Mazda hizi, juu ya F, ile alama ya kujaa, kina alama ya X. Mnaiona? Oili ikipanda mpaka hapo, imeshachanganyika na dizeli, imekuwa nyepesi, na turbo inaumia. Mwaga oili hiyo kwanza, habari za dawa baadaye.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi, na linaniuma kwa sababu watu wanapoteza hela. Majivu. Yanatokana na oili ya injini, na hayaungui hata uende Tunduma. Dawa haiyatoi. Tena hizi za chuma na seriamu nazo zinaacha majivu yake, kwa hiyo anayemimina kila akijaza tenki anaiziba filta kidogo kidogo. Weka oili yenye majivu machache, iliyoandikwa kiwango cha ACEA C3 au DL-1 kwa Mazda, ndipo filta itadumu. Injekta inayovuja nayo itatengeneza masizi upya, dawa au bila dawa.

Kukata filta mimi sikubali. Masizi yale tunayavuta sisi, na watoto waliosimama kituoni. Ukinunua gari la mkononi, pitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa ekzosi. Filta nzima inakiacha karibu safi. Kikitoka cheusi tii, filta imepasuka au imeshakatwa, usinunue dawa.

Kwa hiyo naipendekeza kwa gari la mjini ambalo filta yake ni nzima na oili iko sawa, mara mojamoja, kwa kipimo cha kwenye lebo. Kabla hujatoa hela, fundi achomeke mashine asome presha ya DPF, nenda safari ile, asome tena. Ikishuka, ni masizi, dawa itakufaa. Ikigoma, ni majivu: filta ifunguliwe, ikasafishwe nje ya gari.