Uzoefu wangu: mbwa wa kituoni kwa kazi ya kuinua kanga shambani

Mbwa aliyetelekezwa anafaa kwa kazi ya ndege, yaani kuwanusa kanga waliojificha shambani na kuwainua waruke, tena anafaa sana, ila usimchague kwa pua. Pua anayo: aliyekuwa akijitafutia riziki jalalani ananusa kuliko wengi waliozaliwa uani. Anachokosa ni breki. Kwenye mashamba ya mahindi na karanga huku Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kazi yote ya kumfundisha inarudi hapo: kanga akinyanyuka, mbwa asimame.

Kumfukuza kanga asifukue mbegu ni jambo moja, kumuua ni jingine. Ukishaua umeingia kwenye uwindaji, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Tena mbwa akionja kanga wa porini, kuku wa jirani hawana siku nyingi.

Huduma ya kituo cha mbwa waliotelekezwa nilichomchukulia mbwa wangu naisifu kwa namna wanavyowatunza wanyama. Kwenye karatasi ni wabovu. Kadi ilikuwa na tarehe ya chanjo tu, bila jina la chanjo wala saini ya daktari wa mifugo. Kadi ya namna hiyo ihesabu kuwa haipo na mchanje upya kichaa cha mbwa. Kurudia chanjo hakumdhuru. Na kama anatoka mkoa mwingine, kibali cha kumsafirisha kipatikane kabla hujakata tiketi.

Wa kumchukua awe na umri wa miezi 8 hadi miaka 2, uzito kilo 12 hadi 18. Wazito huishiwa pumzi mapema kwenye joto letu. Angusha sahani ya bati hatua tano kutoka alipo. Wote watashtuka. Unayemtaka ni yule anayerudi ndani ya dakika moja kuinusa sahani. Anayebaki kona akitetemeka ana haki ya kupata nyumba pia, lakini nyumba tulivu, si shamba la kupiga madebe.

Siku 14 za kwanza usimfundishe kitu. Mpe dawa ya minyoo kwa uzito wake, mtoe kupe hasa masikioni na katikati ya vidole, mpe banda lenye kivuli na chakula saa zile zile. Ugali na dagaa unatosha kuanzia; vitunguu na miiba ya samaki aliyepikwa usimpe. Kwa sisi Waislamu, mbwa wa shamba ana ruhusa yake, ila alale nje na chombo chake kisichanganywe na vya jikoni. Ukilitimiza hilo, hata majirani hawalalamiki sana.

Vifaa ni vichache: filimbi ya plastiki, mkanda wa kifuani, na kamba ya manila ya mita 10, unene milimita 8. Usiifunge fundo mwishoni, litanasa kwenye visiki vya mikorosho. Vaa glavu, maana kamba ikipita kiganjani kwa kasi inachuna ngozi.

Mpulizo mmoja mrefu ni simama. Mitatu mifupi ni njoo. Anza na bakuli: lishike juu, puliza mrefu, akitulia liweke chini. Wiki moja ya hivyo, asubuhi na jioni, dakika 10 tu. Kisha fanya uani akiwa na kamba. Wengi huharibu kwa kupuliza mara sita mfululizo mbwa akiwa hasikii. Hapo umemfundisha kwamba filimbi ni kelele. Puliza mara moja, na upulize pale tu ambapo mguu wako uko karibu na kamba uikanyage taratibu kabla haijakaza. Ukimvuta ghafla kwa kamba akiwa mbioni, anadhani ndege ndiye aliyemuumiza, na kesho hataki hata kuingia majanini.

Akishasimama uani, chukua soksi kuukuu, ijaze vitambaa ifike gramu 400 hivi, izungushie manyoya ya kanga kwa uzi. Ifiche majanini, umlete mbwa akiukabili upepo. Wakati wa kupanda huku upepo ni wa kaskazi, hivyo mara nyingi utaingilia upande wa kusini. Ukiwa na shaka, rusha vumbi kidogo uone linakoelekea. Mtazame anapoipata harufu: pua inapanda, pumzi zinakuwa fupi fupi, mkia unakakamaa, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani. Hapo hapo puliza mrefu, kabla hajaruka. Akitulia, mpe kipande cha ini mkononi mwako, wala si soksi.

Kanga wa kweli ni wagumu kuliko soksi kwa sababu hukimbia kwanza, kuruka baadaye. Mbwa huona mbio na kusahau yote. Mwache na kamba wiki tatu nzima za shambani, hata kama uani alikuwa hodari. Kwale ni rahisi, hujibanza mpaka umkaribie.

Toka alfajiri, kanga wanaposhuka mitini, umrudishe kabla ya saa tatu. Beba dumu la lita 5. Walioko Newala na Tandahimba wanajua maji ya njiani ni ndoto. Kagua nyayo kwa mbigili, epuka vichaka vya upupu, na usimruhusu kula ndege aliyekufa shambani, kwani mbegu nyingi zimepakwa dawa.

Asiposimama kwa filimbi baada ya wiki kumi, mfungue kamba na mpe kazi ya kulinda ghala la korosho usiku. Kubweka anajua, na hakuna sababu ya kumrudisha jalalani.