Simu ya kukunja na mchanga wa Mwaloni, haviivi chungu kimoja

Nimeulizwa sana kuhusu hii simu hadi nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimekaa nayo miezi nane, ni zile zinazofunguka kama daftari, used, nimeichukua duka moja Makoroboi hapa Mwanza kwa milioni moja na laki nne. Kampuni siitaji maana kuna malalamiko huko chini. Bei niliiona kama ya bure, Samsung walivyotoa Fold, simu yao ya kwanza ya kukunja kama daftari, 2019 ilikuwa dola 1,980, hela hiyo wakati ule unachukua bodaboda mpya na ya mafuta inabaki.

Raha ipo nisidanganye. Mi nauza dagaa jumla pale Mwaloni Kirumba, oda zinaingia Whatsapp kutoka Kahama, Dodoma mpaka Kongo, zamani nilikuwa nasoma meseji, nahamia kwenye kikokotoo, nasahau namba, narudi tena kusoma, mteja keshampigia mwingine. Sahivi naifungua, Whatsapp kushoto kikokotoo kulia, gunia mara bei jumlisha usafiri, najibu hapohapo. Siku ya kwanza mama mmoja anayeanika dagaa aliniona nayo akaniuliza "we mwanangu, sensa imeanza tena?" 😂 kazoea vile vishikwambi vya makarani wa 2022. Mfukoni ndo mzigo, gramu 263, robo kilo na ushee muda wote inavuta suruali.

Sasa gharama. Maji haiogopi, imeandikwa IPX8, mi nikaona hiyo 8 nikafurahi, kumbe ile X maana yake vumbi haikupimwa kabisa. Na Mwaloni dagaa wanaanikwa mchangani, upepo wa ziwani ukianza kila kitu kinaingia mchanga mpaka chai. Wanatangaza bawaba imejaribiwa kukunjwa mara 200,000, sawa, ila ile mashine haijawahi kuanika dagaa. Nilipofikisha mwezi wa tano nayo ikaanza kulia krr krr kila nikiifunga.

Af kioo cha ndani sio kioo mnachokijua, ni kembamba mno na juu yake kuna plastiki ambayo ni sehemu ya kioo chenyewe. Yangu ikaanza kunyanyuka pale kwenye mkunjo, nikampelekea fundi, akataka kuibandua aniwekee protekta ya buku tano! Nikamwambia kaka acha, hivyohivyo 2019 baadhi ya waandishi wa Marekani waliopewa Fold za majaribio waliibandua wakidhani ni protekta, vioo vikafa, Samsung wakasogeza mauzo kutoka Aprili mpaka Septemba.

Haikusaidia. Wiki mbili zilizopita mstari mweusi ukapita katikati juu mpaka chini. Fundi kasema laki tisa, na hapo ni cha kuvua kwenye simu nyingine. Kwahiyo ukiniuliza bei ya simu hii mi nakujibu milioni mbili na laki tatu, ile ya dukani ni kiingilio tu. Unafanya kazi ndani kwenye AC? chukua, utaenjoi. Ila wa Mwaloni mwenzangu, labda ukubali kuitunza kwenye mfuko wa zipu, ambao mi nimeununua juzi, yani baada ya msiba.

Nimelipa nusu, kioo kinakuja na basi kutoka Kariakoo. Hapa natumia kioo cha nje, chembamba kama rimoti, vidole vinakosa herufi mnisamehe.