Grupe ya wasomaji ya Lubumbashi: ukitaka kusema politiki, leta ukurasa

Naandika hii kwa wale wanaoniulizaka kama ile grupe ya WhatsApp ya wapenzi wa riwaya za Kongo iko muzuri ama hapana, ile inayoendeshwa na mwalimu mmoja wa zamani wa Kifaransa kule Kamalondo pamoja na vijana wawili wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Jibu langu ni iko muzuri sana, ingieni, na hizo franka 3000 za mwezi mulipe bila kulalamika juu zinanunua vitabu vya kuazimisha na vitabu vinafika kweli, nimevishika.

Kila mtu wa Lubum anajua vile grupe zetu zinakufaka. Munaanza mukiwa wapenzi wa muziki, ama wa Mazembe, ama wa vitabu, kiisha mtu mmoja anatuma video ya mkubwa fulani wa chama, mwingine anajibu na vokali, ujumbe wa sauti, ndefu ya hasira, na kabla ya kulala mumeshafika ku "wewe ni mtu wa wapi", Mkatanga huku Mkasai kule, asubuhi unakuta nusu ya watu wametoka. Uchaguzi wa Desemba 2023 uliua grupe nyingi, na Oktoba 2024 Rais aliposema kule Kisangani kwamba ataweka tume ya kuangalia katiba, hata zile zilizokuwa zimebaki zikaingia moto.

Admini wengi dawa yao ni kufunga grupe ili waandike wao peke yao, ama kufuta kila kitu kinachogusa serikali. Siwalaumu sana, sheria ya numeriki (mambo ya dijitali) ya 2023 iko na kifungo kwa anayesambaza habari za uongo mu intaneti, na admini ni mtu mwenye watoto. Lakini mu grupe ya riwaya za Kongo ukifuta politiki yote unabaki na nini? Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa hapa hapa Lubumbashi, iliyotoka 2014, ni mji wa migodi wenye jenerali mwasi na wageni waliokuja kutafuta faida. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, kitabu chake Entre les eaux cha 1973 ni padri anayeacha parokia na kujiunga na waasi wa Kimarksi. Sasa utazungumza hizo namna gani bila kugusa utawala?

Hapa njo grupe hii imeshinda zingine zote nilizopita. Hawakukataza politiki, waliweka sheria moja tu: leta ukurasa. Unataka kusema juu ya serikali, juu ya migodi, juu ya jeshi, sema, lakini onyesha kwanza ni ukurasa gani wa kitabu cha mwezi uliokuleta pale, piga foto ama uandike namba, halafu endelea. Ukikosa ukurasa hakuna anayekutukana wala kukutoa, unaulizwa tu tena.

Tulikuwa tunasoma Généalogie d'une banalité ya Sinzo Aanza, aliyezaliwa Goma, kitabu cha 2015, mule watu wa mtaa wa kimaskini wa Lubumbashi wanachimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Jioni moja kijana akarusha ujumbe mrefu, herufi kubwa tupu, kwamba pesa ya migodi inakuliwa na watu wa jimbo fulani, na kabila akalitaja. Minajua grupe ambazo ule ungekuwa mwisho wao. Mwalimu akaandika: "Asante mwanangu. Ni ukurasa gani uliokupa mawazo hayo? Utuonyeshe tusome pamoja." Kijana akakaa kidogo, kiisha akatuma foto, kidole gumba chake kinaonekana pembeni, mustari wa kalamu ya risasi chini ya maneno, pale watu wanapochimba ndani ya nyumba. Halafu mama mmoja wa Kolwezi aliyeolewa Katuba akaingia: "Ndugu yangu, hiyo mimi niliiona na macho yangu." Akaeleza habari ya Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambako toka 2014 watu walianza kuchimba kobalti mu viwanja vyao, turubai juu ya shimo, shimo mu chumba ambamo watoto walikuwa wanalala, jirani anakulipa ili upitishe njia chini ya ukuta wake. Watu wakaacha simu zingine zote. Mazungumzo yakahamia ku swali la kitabu chenyewe, kama mtu anayebomoa nyumba yake kutoka chini ni tamaa inamusukuma ama alikosa njia ingine, na nyumba ikianguka tutasema ni nani aliyeiangusha. Hiyo ni politiki kabisa, na ilienda mpaka usiku bila mtu kutoka. Yule kijana njo aliandika kuliko wote, na kabila hakulitaja tena.

Kingine ninachopenda: vitabu viko Kifaransa lakini mazungumzo ni Kiswahili chetu, na mwalimu anafanyaka muhtasari kwa wale ambao Kifaransa kinawasumbua. Mafundi, mama wa soko la Kenya (ile komini ya hapa Lubumbashi), watu wa chuo, wote wanaingia. Vokali ni Jumamosi tu juu mega za intaneti ni bei.

Kuna pale sikufurahi. Mmoja wa vijana admini anashika sheria kama askari wa trafiki. Mudimbe alipofariki Aprili 2025 watu walitaka kusema habari ya maisha yake, alivyofundisha hapa chuo kikuu, na alivyoenda Marekani wakati ule Mobutu alitaka kumuweka mu komite kuu ya MPR, chama chake, na kijana akafunga mazungumzo ati hakuna ukurasa. Hapana. Maisha ya mwandishi nayo yanasomwa, na kwa Mudimbe huwezi kuyatenga na vitabu vyake, mtu aliyeona afadhali kuacha nchi kuliko kukaa mu komite ya chama, unaposoma yule padri wake aliyekwama kati ya kanisa na waasi unaelewa zaidi. Mwalimu alifungua tena kesho yake, lakini wale waliokuwa na kumbukumbu zao wenyewe za chuo walikuwa wameshanyamaza, na zile hatutazipata tena. Ningependa waandike wazi kwamba maisha ya mwandishi yanahesabika kama ukurasa.

Na kopi hazitoshi. Watu wengi wanasubiri kitabu kimoja, wengine wanasoma mu foto za simu zenye kivuli, macho yanauma. Mwezi ujao tunaanza Tram 83 na ziko kopi mbili tu, kama uko nayo mu kabati na umeshaimaliza mpelekee mwalimu Kamalondo, anaandika jina lako mu daftari na anairudisha.