Waling'arisha Jiko, Wakaniulia Runinga: Uzoefu Wangu na Kampuni ya Usafi wa Majumbani

Nilikusudia kuandika sifa. Mabinti wawili waliotumwa na kampuni hii ya usafi hapa Dar es Salaam walilisafisha jiko langu kwa namna ambayo sijapata kuiona: mafuta yaliyoganda nyuma ya jiko la gesi yalitoka yote, mistari ya saruji katikati ya vigae ikarudi kuwa myeupe, na hata mapanga ya feni yakafutwa juu na chini. Wangeishia hapo ningewapa nyota zote tano na kuwapigia debe mtaa mzima. Kwa bahati mbaya walihamia sebuleni, na huko mmoja wao akaichukua chupa ile ile ya dawa ya buluu aliyosafishia madirisha, akaipulizia runinga yangu kuanzia juu hadi chini ikiwa inawaka, kisha akaanza kuisugua kwa gazeti.

Nilipotoka stoo, dawa ilikuwa imekwisha kutiririka na kutuama kwenye ukingo wa chini wa fremu. Nilichomoa waya ukutani papo hapo, lakini tulipoiwasha usiku kulikuwa na mstari wa wima upande wa kushoto, na kesho yake mistari ikawa mingi kiasi kwamba theluthi ya picha haionekani.

Yule binti simlaumu sana. Gazeti na dawa ya vioo hulitakatisha dirisha vizuri, na uso wa zile runinga za chogo za zamani ulikuwa kioo kweli, ungeweza kuusugua utakavyo. Runinga bapa haiko hivyo. Kwa nje imevikwa utando wa plastiki uliopakwa tabaka jembamba la kupunguza mng'ao, na tabaka hilo huharibiwa na amonia, spiriti, asetoni na thina, ilhali karatasi ya gazeti, hata iwe laini namna gani mkononi, inaweza kuliachia mikwaruzo. Samsung, LG na Sony wote wanaonya katika vijitabu vyao kwamba mtu asipulizie maji wala dawa moja kwa moja kwenye skrini. Kampuni ambayo tangazo lake linaahidi kusafisha “vifaa vya umeme kwa utaalamu” ilipaswa kuwafundisha hayo wafanyakazi wake kabla ya kuwavisha sare.

Hasira yenyewe ilinipanda nilipompigia simu msimamizi wao. Nilimsalimu vizuri, nikamweleza kwa utaratibu, nikitarajia walau neno la pole. Akanijibu, “Dada yangu, TV ni kioo, dirisha ni kioo, na dawa yetu ni ya vioo. Sasa kosa la binti liko wapi?” Nilimwambia kwamba lebo ya chupa yenyewe imeandikwa kuwa ndani mna amonia. Akacheka. “Hizi TV za bei ya Kariakoo ndivyo zilivyo, dada. Ingekuwa orijino isingekufa kwa maji kidogo.” Halafu, kana kwamba hajanitukana vya kutosha, akanishauri niianike juani mpaka jioni, yaani niitoe runinga uani kama shuka lililofuliwa. Namshukuru Mungu kwamba mazungumzo yale yalikuwa ya simu.

Fundi wangu wa mtaani, ambaye hana tangazo wala sare, aliifungua mbele yangu. Alinionesha kwamba kwenye ukingo wa chini wa runinga yangu zimegandishwa tepe nyembamba zenye vijichipu, ambazo hupeleka ishara kwenye kioo. Kila utepe unahudumia kipande chake cha picha kutoka juu hadi chini, ndiyo maana ukiingiwa na majimaji unaona mistari ya wima. Alama za dawa iliyokauka zilikuwa pale pale. Ushauri wake ulikuwa mfupi: kubadilisha kioo kunakaribia bei ya kununua runinga nyingine, kwa hiyo nisijisumbue.

Na kazi yenyewe wala haikuhitaji kampuni. Tunaishi Kigamboni, mahali ambapo upepo wa bahari huleta unyevu wa chumvi ambao, ukikutana na moshi wa kukaangia samaki, hutanda ukungu kwenye kila kilichomo sebuleni. Mwanangu wa darasa la sita huutoa ukungu huo bila msaada wa mtu. Huizima runinga na kuichomoa, akaiacha ipoe, kwa sababu kioo cha moto hukausha unyevu upesi na kubaki na michirizi. Isitoshe, vumbi huonekana vizuri zaidi kikiwa cheusi. Hufuta kwanza kwa kitambaa kikavu cha nyuzi laini, cha aina ile ile wanayotupa madukani pamoja na miwani, bila kukandamiza. Pakibaki alama ya vidole, hulowesha kidogo kona ya kitambaa, hukikamua mpaka kisidondoke hata tone, hupitisha taratibu, kisha humalizia kwa kitambaa kingine kikavu. Maji ya kisima chetu yana chumvi na huacha madoa meupe, kwa hiyo tunatumia yale maji safi yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri za magari (maji, tafadhali, si asidi ya betri). Amonia haimo, gazeti halimo, na runinga ilidumu.

Nilitaka kusema kwamba kwa jiko na vyoo waiteni tu, ila runinga mwifunike kanga na kuwaambia wasiiguse. Nikifikiri zaidi naona huo ni ushauri wa ajabu, kwa maana mteja halipi fedha ili awe mlinzi ndani ya nyumba yake. Basi msiwaite kabisa. Ingawa mabinti wale walifanya kazi kwa bidii, na mmoja alilia alipoiona ile mistari, jambo ambalo bosi wake hakulikaribia hata kwa sauti; kama wangekuja wenyewe, bila kampuni, ningewafungulia mlango tena.

Hivi karibuni nimetumiwa ujumbe wa kunishukuru kwa kuwa mteja wao, pamoja na punguzo la kusafishiwa makochi. Nimewajibu kwamba makochi yangu hayana shida, na kwamba wakilipa nusu tu ya bei ya kioo nitarudi kuibadilisha tathmini hii. Lakini kwa sasa, ninapoangalia taarifa ya habari na msomaji amekaa upande wa kushoto nisikoweza kumwona, sidhani kama nitakuwa na moyo huo.