Mnandi au mbizi? Msiwachanganye jamani

Kila nikipita kwenye yale mawe ya ziwani Mwanza nasikia watu wanaita kila ndege mweusi anayezama majini mnandi, basi imeisha. Kumbe wapo wawili.

Mbizi ndo jina tamu kwangu, maana ni neno lilelile la kupiga mbizi. Huyu akiogelea mwili wote unazama inabaki shingo tu nyembamba juu ya maji, imepinda kama herufi S, ukiwa mbali unaapa ni nyoka, na hata Waingereza wanamwita ndege-nyoka. Mdomo umechongoka kama mkuki, anamchoma samaki kulekule chini, anaibuka naye, anamchomoa kwa kumtikisa, anamrusha juu kidogo afu anammeza kichwa kwanza. Aisee raha kumwangalia.

Mnandi yeye kajaza mwili, shingo nene kidogo, na yule mkubwa wa Ziwa Viktoria ana kifua cheupe. Mdomo wake una ndoano kwenye ncha, so anang'ata, hachomi. Wanapenda kukaa kundi kubwa, na jiwe wanalolala linageuka jeupe kwa mavi, harufu yake usiombe.

Wote manyoya yao yanalowa, ndo maana unawakuta wametandaza mabawa juani kama nguo kwenye kamba, na hapo ndo watu wanapochanganya. Mi naangalia mdomo tu, ndoano mnandi, mkuki mbizi.