Mzee wa vitabu vya inama pale tao, mimi nampa nyota tano

Karibu mwaka mzima nimekuwa nikinunua vitabu kwa huyu mzee wa inama upande wa barabara ya Tom Mboya, Nairobi, na sijawahi kumwandikia chochote, acha leo niandike. Rafu hakuna, vitabu vimetandazwa chini kwa gunia, unainama unachagua, bei ni kuanzia 50 na cha ghali zaidi nimewahi kununua kwake ni 300.

Wiki jana nilipata historia ya Marekani ya zamani kwa 250. Jalada limechanika na kurasa kadhaa za mwisho hazipo, na ni mzee mwenyewe alinionyesha kabla sijalipa. Nikaanza kuisoma kwa matatu na nikapitishwa steji yangu juu ya mkulima mmoja anaitwa William Manning, wa Billerica kule Massachusetts, alizaliwa 1747, anasema hajawahi kupata hata miezi sita ya shule na maneno anayaandika vile anayasikia, lakini mwaka wa 1798 akakaa chini akaandika siasa moto kabisa. Anasema wale wachache wanaoishi bila kutoa jasho wanatushinda sisi wengi kwa sababu wao wanajua mambo na sisi hatujui, ndio maana vyuo vya pesa nyingi wanavipigia debe lakini shule za bei rahisi, zile za walimu wanawake, zenye zinasomesha watoto wa watu wengi, hizo wanazipinga. Hapo nilifunga kitabu kidogo, karo ya muhula huu bado sijamaliza.

Alitaka watu wa kazi waungane wawe na jarida lao la kila mwezi, bei ya chini. Hayo maandishi akapelekea gazeti moja la Boston, lakini sheria ya uchochezi, ile ya kuwashika wanaoandika vibaya juu ya serikali, ilikuwa imepita 1798, faini mpaka dola 2,000 na jela mpaka miaka miwili, na mhariri wa hilo gazeti alikuwa tayari ameshtakiwa. Makaratasi ya Manning yalikuja kuchapishwa 1922! Zaidi ya miaka 100 imeenda na mwenyewe alikufa 1814.

Thomas Jefferson, yule alikuja kuwa rais wa Marekani, pia yuko, na mswada wake wa Virginia wa 1779, miaka mitatu ya shule bure kwa watoto wote walio huru, wasichana kwa wavulana, wa watumwa hawakuhesabiwa, na bado haukupita. Hiyo sehemu ni fupi sana, nilitaka zaidi.

Nilimrudia nikamwambia mzee zile kurasa zimeniuma, akasema, "Kijana wangu, kingine kikiingia nitakuwekea." Ukirudisha kitabu kikiwa sawa unaongeza 50 unachukua kingine. Na hakufukuzi ukisoma bila kununua, siku hiyo kulikuwa na msichana wa uniform anakopi maswali ya hesabu kwa daftari na mzee amempa kigoda chake, yeye amesimama.

Jumapili hayuko. Mvua ikianza anafunika na nailoni, kwa hivyo endeni mapema.